Kwani Kuua Hakukuwa Kosa?



Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama anayetuuzia mahamri na mbaazi mtaani kwetu, hapa Mombasa. Redio yake iko juu ya kabati la kioo, na mahali pa antena amefunga waya. Humo ndani wanasheria wawili walikuwa wakibishana: je, mauaji ya wanawake yawe kosa la peke yake katika sheria za Kenya, lenye jina lake na kifungu chake, au yaendelee kuhesabiwa pamoja na mauaji mengine yote? Mama alikuwa akigeuza mahamri mafutani. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Mwanangu, kwani kuua hakukuwa kosa?"

Mimi kazi yangu ni kusema, lakini siku ile nilijitia kupuliza chai.

Maana kuua ni kosa tangu enzi za mkoloni. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kimelisema, na cha 204 kimetaja adhabu yake, ambayo ni kifo. Na bado serikali yenyewe ilitoa hesabu kwamba wanawake 97 waliuawa katika miezi mitatu, Agosti hadi Oktoba 2024. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, tarehe 27 Januari, maelfu walikuwa wamekwisha kujaa barabarani Nairobi na miji mingine kudai mauaji hayo yakomeshwe. Desemba wakarudi tena barabarani, na Nairobi polisi wakawarushia vitoa machozi. Hilo la vitoa machozi lishike, tutalihitaji mbele. Januari 2025 Rais akaunda jopokazi la watu 42 kulishughulikia jambo hilo, chini ya Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu. Na miongoni mwa madai yasiyonyamaza tangu wakati huo ni hilo lililokuwa likibishaniwa juu ya kabati la mahamri: tupatiwe kosa jipya.

Mimi silipingi. Ila nimezifuatilia sheria za namna hii kwa muda, na zimenifunza nisiulize kwanza zina miaka mingapi ya jela. Nauliza hivi: Jumatatu asubuhi mahakama ikifunguliwa, atakayekuwa amesimama kizimbani ni nani?

Twende mwaka 2006. Bunge la Kenya lilikuwa na wabunge zaidi ya 220, na wanawake kati yao walikuwa 18 tu. Mmoja wao, Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa na mwanasheria, alileta mswada wa Sheria ya Makosa ya Kingono. Kabla ya hapo ubakaji ulikuwa umewekwa katika Kanuni ya Adhabu chini ya sura ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba aliyeumizwa ni adabu ya nchi na si mwili wa mtu. Hakimu angeweza kumpa mbakaji kifungo cha miezi akitaka, kwa sababu hapakuwa na kiwango cha chini. Mswada ule ulitaka kuyageuza hayo yote.

Mjadala ulikuwa wa aibu. Mbunge mmoja alisimama akasema kwamba katika mila zetu mwanamke akisema hapana huwa ana maana ya ndiyo, na wabunge wanawake wakainuka wakatoka nje. Wengine walisema vijana watashindwa kutongoza, kwamba hata kukonyeza kutakuwa jela. Basi mswada ukanyolewa. Kipengele cha mume kumbaka mkewe kikaondolewa. Kipengele cha ukeketaji kikaondolewa. Kilichobaki kikapita, na kilichobaki kilikuwa na faida kubwa, tusikose shukrani. Lakini wabunge hawakuondoa tu. Waliongeza pia. Walichokiongeza ni kifungu cha 38.

Kifungu hicho kilisema hivi kwa ufupi: mtu yeyote atakayemsingizia mwenziwe kosa lililomo katika sheria hii atakuwa ametenda kosa, na adhabu yake itakuwa sawa na ya kosa alilolisingizia. Sikiliza vizuri maneno "mtu yeyote". Kwenye karatasi hakuna mwanamke aliyetajwa hapo. Ni sheria ya usawa kabisa, inamhusu Juma kama inavyomhusu Asha. Lakini hebu niambie, katika nchi hii ni nani anayekwenda kituoni kuripoti kwamba amebakwa?

Na si kwamba hapakuwa na sheria ya kumwadhibu msingiziaji. Ilikuwepo, na ipo mpaka leo: kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kumpa mtumishi wa umma habari za uongo, kifungo kisichozidi miaka mitatu. Anayekusingizia kwamba umemwibia mbuzi anakutana na hicho. Anayesema umembaka, na mahakama ikaamua kwamba amesingizia, alikuwa akikabiliwa na miaka 10 hadi maisha. Ng'ombe, mbuzi, baiskeli, shamba, vyote hivi watu husingiziana kila siku. Kosa lililowekewa mtego mlangoni ni lile moja ambalo walalamishi wake karibu wote ni wanawake na watoto.

Sasa jiweke mahali pa msichana wa miaka 19 kule Kilifi. Aliyemfanyia ni mtu mzima wa ukoo, hakuna shahidi, na nguo amekwisha zifua kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akijiona mchafu. Afisa aliye mezani anamwambia kwa sauti ya upole, "Dada, unajua ikionekana umesingizia wewe ndiye utakayefungwa?" Hakumtisha. Alimsomea sheria. Msichana anarudi nyumbani. Hakuna jalada, hakuna kesi, na mwisho wa mwaka takwimu zinaonyesha kwamba eneo lile ni tulivu. Kifungu hicho hakikuhitaji kumfunga mtu hata mmoja ili kifanye kazi yake. Kilikaa miaka sita, kikafutwa mwaka 2012, na kufutwa kwenyewe kulifanywa kimyakimya ndani ya sheria ya marekebisho mchanganyiko, pamoja na mambo mengine chungu nzima.

Mwaka huohuo wa 2006 Bunge lilipitisha sheria nyingine, ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi. Kifungu chake cha 24 kilimtaka mtu anayejua ana virusi amwarifu kila anayekutana naye kimwili, na asipofanya hivyo ni kosa la jinai. Nia ilisemwa kwamba ni kumkinga mke dhidi ya mume msiri. Lakini nani katika nyumba zetu hupimwa kwanza? Ni mwanamke, kwa sababu yeye ndiye anayekwenda kliniki ya wajawazito, na huko kupimwa ni sehemu ya huduma. Mume hana kliniki inayomsubiri. Kwa hiyo anayejua ni mke, na anayejua ndiye mwenye kosa. Akisema, anafukuzwa kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa. Asiposema, ni mhalifu. Mnamo Machi 2015 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikitupa kifungu hicho, wakasema hakieleweki na kinaingilia faragha. Kifungu cha 26 cha ile sheria ya Makosa ya Kingono, kinachohusu kuambukiza kwa makusudi na chenye adhabu isiyopungua miaka 15, uamuzi huo haukukigusa.

Ukivuka mpaka pale Lungalunga ukaingia Tanzania, utakuta ndugu zetu walitutangulia kwa miaka minane. Sheria yao ya makosa ya kujamiiana ni ya 1998, na ni kali: kumbaka mtoto aliye chini ya miaka 18, awe ameridhia asiwe ameridhia, ni miaka 30 kwenda juu. Sheria hiyohiyo ina mlango wa uani. Miaka 30 hiyo haimgusi mwanamume ikiwa msichana ni mke wake, ametimiza miaka 15, na hawajatengana. Kitendo ni kilekile, msichana ni yuleyule, umri ni uleule. Kinachomtofautisha mfungwa na bwana harusi ni kibali cha baba, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kungoja hadi 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hilo mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa ushindi Julai 2016, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo na kuipa serikali mwaka mmoja kuirekebisha sheria. Mwaka ule ukaisha sheria haijarekebishwa.

Mwaka uleule Gyumi aliposhinda Mahakama Kuu, 2016, Tanzania iliongeza kosa jingine, la kumpa mimba mwanafunzi: miaka 30 pia. Watu walipiga makofi, nami nikiwa mmoja wao. Tulichokisahau ni kwamba yule aliyempa mimba alikuwa bado anatafutwa, huku msichana akiwa amekwisha fukuzwa shule. Adhabu yake haikungoja ushahidi. Ilikaa hivyo mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi darasani.

Nisieleweke kama nasema ukali huwalemea wanawake peke yao. Kwetu Kenya wapo wavulana wa miaka 16 na 17 walioshtakiwa kwa unajisi kwa ajili ya mapenzi na wasichana wa umri wao. Mwaka 2017 Mahakama Kuu kule Homa Bay ilisema kwamba kumshtaki mvulana peke yake, nao wote wawili ni watoto, ni ubaguzi. Viwango vya chini vya adhabu vipo palepale, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ilivithibitisha. Hili nitalirudia siku nyingine, lina uzito wake.

Tuje kwenye simu zetu. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 ina kifungu cha 37, cha kusambaza picha za faragha za mtu mwingine. Adhabu yake haizidi faini ya shilingi 200,000 au kifungo cha miaka miwili, au vyote pamoja. Rudi nyuma vifungu tisa, kifungu cha 28, utakuta kosa la kujitwalia kwenye intaneti jina la biashara ya mtu. Adhabu? Shilingi 200,000 au miaka miwili. Ukiweka mezani mwili wa binti uliopigwa picha kwa siri ukatembea kwenye simu za kijiji kizima, na ukaweka jina la tovuti ya duka la viatu, mizani ya Bunge letu haikuinama upande wowote. Na habari za uongo, kifungu cha 22, faini yake ni hadi milioni tano. Mimi si mtu wa kupenda jela, lakini hesabu hiyo inaniambia nani alikuwa akifikiriwa wakati wa kuandika. Nitaisifu kwa neno moja tu, "mtu mwingine". Sheria imesema picha ya mtu mwingine, kwa hiyo aliyejipiga akamtumia mchumba wake, kisha mchumba akamgeuka, hawezi kugeuzwa mshtakiwa kwa kifungu hicho. Sheria nyingi za picha chafu haziulizi kabisa kama aliyeonekana kwenye picha aliridhia isambazwe.

Basi hapo ndipo napenda kurudi kwenye swali la mama wa mahamri. Kuua kulikuwa kosa. Kubaka kulikuwa kosa. Mwezi Juni 2013, kule Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume, akatupwa katika shimo la choo. Magazeti yalimpa jina la Liz. Sheria ya 2006 ilikuwa na kifungu kamili cha ubakaji wa genge, miaka 15 kwenda juu. Waliokamatwa waliambiwa wafyeke nyasi kwenye kambi ya polisi, kisha wakaachiliwa waende zao. Nyasi, msikilizaji. Mpaka dunia ilipopiga kelele, na zaidi ya watu milioni moja wakatia sahihi, ndipo kesi ikaanza, na Aprili 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Mwezi mmoja kabla ya tukio la Busia, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua kwamba polisi wamevunja haki za kikatiba za wasichana walionajisiwa, kwa kuzembea kuchunguza. Sheria haikuwa na pengo hata moja pale. Pengo lilikuwa limevaa sare.

Ndiyo maana nilikuomba uvishike vile vitoa machozi. Kifungu kipya cha mauaji ya wanawake kitakabidhiwa watu walewale waliowatawanya wanawake waliokuja kusema wanauawa.

Lipo jambo jingine, na hili nadhani halizungumzwi inavyostahili. Huwezi kuongeza adhabu juu ya kifo. Kosa jipya halitakuwa kali kuliko lililopo, hasa kwa kuwa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Basi litaleta nini? Mimi nikitafuta jibu siangalii kifungu cha 203, naangalia cha 207 na 208. Hivyo vinasema kwamba mtu aliyeua kwa hasira ya ghafla, baada ya kuudhiwa vya kumfanya mtu wa kawaida apoteze akili, na kabla hasira haijapoa, hakuua kwa kukusudia. Kosa lake linashuka, na adhabu inashuka nalo.

Lugha hiyo ni ya kiume, ingawa haimtaji mwanamume. Inamfikiria mtu mwenye nguvu anayeweza kuua papo hapo kwa mikono yake au kwa panga lililo karibu. Amefika nyumbani, ameona ujumbe kwenye simu ya mkewe, ameambiwa neno, damu imechemka. Sheria inamwelewa. Mwanamke aliyepigwa miaka kumi hawezi kujibu papo hapo, atakufa yeye. Akifika mwisho wa uvumilivu, hungoja mume alale. Na kule kungoja, ambako kwake ni njia pekee ya kubaki hai, kwenye macho ya sheria ni kupanga. Hasira yake imepata muda wa kupoa, basi ameua kwa kukusudia. Maneno ya sheria ni mamoja kwa wote wawili, na yanamfikisha kila mmoja mahali tofauti.

Kwa hiyo ukiniuliza kosa jipya liandikweje, nitasema mambo mawili tu, na wanasheria watanirekebisha. Liseme wazi kwamba wivu, kukataliwa, talaka na ujumbe kwenye simu si sababu za kushusha kosa. Na liwalazimishe polisi kuandika, katika kila mwanamke aliyeuawa, muuaji alikuwa nani kwake, na kama marehemu aliwahi kufika kituoni kabla. Hilo la pili halina kishindo, lakini fikiria daftari hilo likifunguliwa mahakamani: mara ya kwanza alikuja na jicho limevimba, mara ya pili alikuja na mtoto mgongoni, mara ya tatu aliletwa. Afisa aliyemrudisha nyumbani ajulikane kwa namba yake. Kosa lisilokuwa na hayo mawili ni kibao kipya kwenye ofisi ileile.

Jana nilipita tena kibandani. Nilimwambia mama jibu langu, kwa maneno mengi kidogo kuliko niliyokwambia wewe. Alinisikiliza, akanifungia mahamri sita kwenye gazeti, akasema, "Haya, hao wanaoandika waje kwanza hapa wakae benchi wiki moja." Nimelifikisha.

Msikilizaji, muda wangu umekwisha. Ikiwa wewe umedhulumiwa kingono, au jirani yako amedhulumiwa, usifue nguo na usingoje. Nenda, au mpeleke, hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi hazifanyi kazi baada ya hapo. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, hainunuliwi, na ukiripoti kituoni omba namba yako ya OB, yaani kitabu cha matukio, uiandike mahali. Simu ya msaada ni 1195, haina malipo, mchana na usiku.